Viazi vya Andes vinavyohimili jalidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuvikuza kwa mbegu ya tunda

Maneno mawili kwanza, maana hapa ndipo wengi huchanganya. "Mbegu ya tunda" ni zile punje ndogo zilizomo ndani ya tunda la kijani linalofuata ua la kiazi mviringo. "Kiazi cha mbegu" ni kiazi chenyewe kinachofukiwa ardhini. Na jalidi ni umande ulioganda, ambao wengine huuita sakitu.

Kwa nini nihangaike na mbegu ya tunda wakati kiazi cha mbegu kipo?

Ukitaka mazao ya msimu huu, panda viazi vya mbegu. Mbegu ya tunda ni kwa anayetafuta kiazi ambacho bado hakipo: kinachostahimili baridi ya shamba lake, kinacholika, na kinachozaa. Pia ni nyepesi. Gramu moja huwa na mbegu kama 1,500, na gramu 100 zinaweza kutoa miche ya hekta nzima, kazi ambayo ingehitaji takriban tani 2 za viazi vya mbegu. Tena hubeba magonjwa machache zaidi, ingawa si kwamba haibebi kabisa (tazama swali la virusi hapa chini).

Nikipanda mbegu kutoka kwenye tunda la aina inayohimili jalidi, nitapata aina ileile?

Hapana. Kiazi cha kawaida kina seti nne za kromosomu, jumla 48, na kila tunda linapotungwa karata hizo huchangwa upya. Mbegu 200 za tunda moja ni mimea 200 isiyofanana: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja wenye viazi vya zambarau, mwingine vyeupe, mmoja unaungua kwenye jalidi ya kwanza, jirani yake haushtuki. Uhimilivu wa jalidi huongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, kwa hiyo watoto wengi huangukia katikati ya wazazi na wachache tu huwazidi.

Ndiyo maana kazi hii ni ya kuotesha mingi na kubakiza michache. Ukishampata mmea bora, aina yake huilindi kwa mbegu tena. Unaiendeleza kwa viazi vyake, miaka yote. Anayeanza na mbegu 20 kwa kawaida hapati kitu. Anza na 200 kama nafasi inaruhusu.

Ni viazi vipi vya Andes vinavyohimili jalidi kweli?

Kwenye uwanda wa juu wa Peru na Bolivia, kuzunguka ziwa Titicaca, watu hulima viazi katika mwinuko wa mita 3,800 hadi zaidi ya 4,000. Hupanda Oktoba na Novemba, huvuna Aprili na Mei, na jalidi inaweza kupiga hata katikati ya msimu. Majani ya kiazi cha kawaida hufa joto likishuka hadi karibu nyuzi -3. Hivi ndivyo vinavyozidi hapo:

*Solanum ajanhuiri* ina kromosomu 24. Hustahimili takriban -5, na baadhi ya viazi vyake havina uchungu mkubwa. Kwa mtu anayetaka kula anacholima, huyu ndiye mzazi wa kumfikiria kwanza.

*Solanum juzepczukii*, ambayo Waaymara, wenyeji wa uwanda huo, huita luki, ina kromosomu 36. Ni ngumu kwa baridi, na ni chungu.

*Solanum curtilobum* ina kromosomu 60. Nayo ni ngumu na chungu, ila huzaa vizuri kuliko luki.

Halafu kuna kundi kubwa la Andigenum, viazi mviringo vya milimani visivyo vichungu kama zile aina za Imilla. Mengi ya kundi hili hayazidi sana kiazi cha kawaida kwa jalidi. Neno "Andes" kwenye pakiti ya mbegu halitoshi. Uliza jina la spishi.

Porini wapo wagumu zaidi. *Solanum acaule*, mmea mfupi unaolala chini kama sahani, ndiye babu aliyewapa luki uhimilivu wao. *Solanum commersonii* ya Uruguay na Argentina, ikishazoezwa baridi, hustahimili hata -11, lakini kuivusha (kuichanganya kwa chavua) moja kwa moja na kiazi cha kawaida hakushiki bila kazi ya maabara. Iache.

Je, vyote hivi hutoa mbegu?

Luki haitoi. Seti zake tatu za kromosomu haziwezi kugawanyika sawasawa, hivyo ua huchanua na kuanguka. Mtu akikuuzia "mbegu za tunda za luki", usinunue.

*Curtilobum* ina seti tano, lakini ikivushwa na Andigenum hutoa mbegu, japo chache kwa kila tunda. *Ajanhuiri* ina seti mbili na, kama viazi vingi vya seti mbili, hukataa chavua yake yenyewe; inahitaji mmea mwingine usio ndugu wa kiazi kimoja, nao uwe wa seti mbili. Andigenum ya seti nne hujichavusha yenyewe, lakini ukiirudiarudia hivyo kwa vizazi kadhaa watoto hudhoofika: mimea midogo, maua machache, viazi vichache.

Kwa nini vinavyohimili jalidi ni vichungu? Na je, ni salama kula?

Soma jibu hili lote kabla ya kuonja chochote.

Uchungu hutokana na glaikoalkaloidi, hasa solanini na chakonini, sumu ambazo mmea hutengeneza kujilinda. Babu wa porini waliotoa uhimilivu wa baridi walikuja na sumu hizo, na watoto wengi hurithi vyote viwili. Kiwango kinachokubalika katika kiazi cha kula ni miligramu 200 kwa kilo ya kiazi kibichi. Viazi vichungu vya Andes huvuka hapo kwa urahisi, na watoto wa mzazi wa porini huvuka zaidi.

Kuchemsha hakuziondoi, wala kukaanga. Kumenya husaidia kidogo kwa kuwa nyingi ziko karibu na ganda. Kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani huongeza sumu juu ya ile kilichorithi.

Kwa kila mmea mpya, chemsha kiazi kimoja kisicho na kijani, menya, kata kipande kidogo kama punje ya mahindi, weka ulimini, tafuna na usubiri dakika moja. Ukisikia uchungu, au koo linawasha kama pilipili inayochelewa, tema. Mmea huo si wa sahani, hata kama umepita jalidi zote. Usiufiche kwenye mchuzi ukidhani viungo vitausaidia. Tunda la kijani lenyewe haliliwi kabisa. Waambie na watoto, maana linafanana na nyanya changa.

Watu wa Andes hula luki kwa sababu wanajua kuisafisha. Juni na Julai, usiku unapoganda mfululizo, viazi hutandazwa nje juu ya nyasi. Usiku huganda, mchana huyeyuka, kisha hukanyagwa kwa miguu hadi maji yatoke, na kuanikwa hadi vikauke kama mawe. Hicho ni chuño. Aina nyeupe, tunta, baada ya kuganda huzamishwa mtoni kwa wiki kadhaa. Maji huondoka na uchungu. Kikikauka vizuri hukaa miaka. Milima ya Afrika Mashariki haina usiku mwingi wa kuganda unaofuatana kwa uhakika, kwa hiyo usipange kutegemea njia hiyo. Chagua mimea isiyo michungu tangu mwanzo, hata ukipoteza nyuzi moja ya uhimilivu. Kiazi kinachostahimili -4 na kinalika kina faida kuliko cha -6 kinachotupwa.

Viazi hivi vitazaa katika Afrika Mashariki?

Hapa tuna bahati ambayo wakulima wa Ulaya hawana. Viazi vya Andes huanza kutunga viazi ardhini siku zikiwa na mwanga wa saa 12 hivi. Ulaya, siku ndefu za kiangazi huvifanya virefuke majani hadi vuli bila kutunga kitu. Kinangop, Njombe au Kivu siku ni za saa 12 karibu mwaka mzima.

Na jalidi tunayo: Nyandarua kwenye usiku mkavu usio na mawingu wa Januari na Februari, Kitulo na Makete kati ya Juni na Agosti. Kinachotusumbua kuliko Andes ni mvua na baka chelewa, ugonjwa wa ukungu unaooza majani na viazi. *Ajanhuiri* na wenzake wametoka uwanda mkavu wa baridi ambako ugonjwa huo si tishio kubwa, na usitarajie wajikinge. Panga mzazi wa pili awe na ukinzani wa baka, la sivyo utapata mimea inayoshinda jalidi na kufa kwa ukungu wiki mbili baadaye.

Nipate wapi mbegu kihalali?

Benki ya jeni ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP), Lima, huhifadhi maelfu ya aina na hugawa chini ya mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea. Aina zinazolimwa hutolewa mara nyingi kama miche ya chupa ya maabara, na spishi za porini kama mbegu. Kwa vyovyote, kibali cha kuingiza huombwa kabla ya kifurushi kutumwa: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, taasisi za serikali za afya ya mimea. Usiweke mbegu kwenye bahasha ya barua ukidhani ni ndogo haitaonekana. Viroidi moja (kimelea cha ugonjwa kidogo kuliko virusi) iliyoingia hivyo haiwezi kurudishwa.

Naotesha vipi, hatua kwa hatua?

Mbegu iliyotoka tundani karibuni hulala miezi 4 hadi 6. Kama ina zaidi ya mwaka, ruka hatua ya kuiamsha. Kama ni mpya, iloweke saa 24 katika asidi ya jibereli, homoni ya mimea, ya sehemu 1,500 kwa milioni, yaani gramu 0.15 katika mililita 100 za maji. Unga huo hauyeyuki vizuri majini. Uyeyushe kwanza kwa matone machache ya spiriti. Kisha suuza.

Jaza trei mchanganyiko mwepesi: mboji iliyochekechwa sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, vyote vikiwa vimechomwa kwa mvuke au maji yanayochemka na kupoa. Lowesha kabla ya kusia, si baada. Sia mbegu moja moja, funika kwa nusu sentimita tu. Weka penye nyuzi 15 hadi 20. Funika kwa nailoni hadi zianze kutokeza, siku ya 7 hadi ya 14, kisha ondoa siku hiyohiyo.

Miche ni myembamba kama uzi. Ikiwa na majani mawili ya kweli, hamishia kila mmoja kwenye kikopo au kijiriba. Mwagilia kwa kukalisha trei kwenye maji. Tone la keni linatosha kuulaza.

Mbegu hazikuota. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni joto. Juu ya nyuzi 25 mbegu za kiazi hugoma, na banda la nailoni la mchana hufika 35 bila wewe kujua. Hamishia trei ndani ya nyumba, sakafuni. Sababu nyingine ni kufukia sana, na mbegu mpya isiyoamshwa. Usizitupe kabla ya wiki nne.

Miche inakatika shingoni na kulala.

Hicho ni kinyausi, kazi ya fangasi wa udongo wenye maji mengi na hewa iliyotuama. Mche uliolala hauponi. Punguza maji, ongeza hewa, tupa ulioathirika pamoja na udongo wake. Mche mzima uliokatwa usiku na kuachwa pembeni ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Fukua sentimita mbili kando yake utamkuta amejikunja.

Lini na vipi nipandikize?

Mche ukifika sentimita 10 hadi 12, kwa kawaida wiki ya sita au ya saba. Uzoeze nje kwa siku kumi. Ufukie hadi majani ya juu tu yabaki nje. Si kosa: viazi hutoka kwenye vifundo vya shina vilivyo chini ya udongo, na mche wa mbegu una vifundo vichache pale chini kuliko unaotoka kwenye kiazi. Usipoufukia, viazi huota juu ya udongo, vikawa kijani. Nafasi ni sentimita 30 kwa 75. Pandishia udongo mara mbili. Punguza mbolea ya nitrojeni. Jani lililonenepa kwa yurea ni laini na huungua mapema.

Nitajuaje mmea upi unahimili jalidi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu hujidanganya.

Jalidi ya kupimia ni ile inayoua baadhi na kuacha baadhi. Kama mimea yote imepona, usiku ule haukukufundisha kitu. Kama yote imekufa, vilevile. Kwa hiyo kila baada ya mimea kumi panda mmoja wa aina ya kawaida unayoijua, Shangi au Kikondo, uwe shahidi. Shahidi akiungua na jirani yake akabaki, una habari. Shahidi akipona, usimsifu jirani.

Kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la chini kabisa kikae usawa wa majani, wazi bila paa. Usiku usio na mawingu wala upepo, jani hupoteza joto kwenda angani na huwa baridi kuliko hewa ya kimo cha kifua kwa nyuzi 2 au 3. Ndiyo maana redio husema nyuzi 1 na shamba lako limeungua.

Ipe mimea wiki mbili za usiku wa baridi ya nyuzi 2 hadi 5 kabla ya pigo. Uwezo wa kustahimili bila mazoezi na uwezo wa kuongeza ustahimilivu kwa mazoezi hurithiwa kila mmoja kivyake. Mmea unaozoea sana hautakusaidia kama jalidi ya kwenu huja ghafla baada ya wiki ya joto. Wewe ndiye unayejua hali ya kwenu. Pima kwa namna hiyo.

Baada ya jalidi subiri siku mbili hadi tatu. Asubuhi ileile majani yote huonekana yamelegea, na mengine huinuka. Jani lililokufa hugeuka jeusi kama lililotumbukizwa maji ya moto: barafu imejitengeneza kati ya seli, imevuta maji kutoka ndani ya seli, na ngozi za seli zimepasuka. Toa alama 0 (zima) hadi 5 (limekufa hadi udongoni). Andika pia mimea iliyokufa juu ikachipua upya chini. Huo ni uwezo tofauti, nao una thamani yake.

Msimu unaofuata rudia kwa viazi vya mimea bora, angalau mimea mitano ya kila mmoja, ikisambazwa shambani. Hewa baridi hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Mmea uliopona pengine ulikuwa tu juu ya kichuguu.

Naweza kupima kwa friza?

Kwa ulinganisho wa haraka tu. Friza hushusha joto haraka mno. Shambani hushuka kama nyuzi moja kwa saa. Tena jani kavu linaweza kufika -5 bila barafu kuanza, likaonekana shujaa. Funga majani kwenye kitambaa chenye maji na kipande cha barafu ili kuganda kuanze karibu na -1. Usiweke mmea mzima na kikopo chake: majani ndiyo yanayohimili, si viazi wala mizizi.

Kuna namna ya kuisaidia mimea bila kubadili aina?

Ipo. Kando ya Titicaca walijenga waru waru, matuta makubwa yaliyozungukwa na mifereji. Maji hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku. Hata kumwagilia udongo mkavu mchana wa kuamkia jalidi husaidia. Acha upande wa chini wa shamba wazi, bila ua mzito, hewa baridi ipite.

Ni kweli mbegu ya tunda haina virusi?

Virusi vingi vya kiazi havipiti kwenye mbegu ya tunda. Vinavyopita ni vichache na vyenye asili ya Andes vimo: virusi fiche vya Andes (APLV), virusi T (PVT), na viroidi PSTVd inayofanya viazi kuwa virefu vyembamba, ambayo hupita hata kwa chavua. Mbegu ya kununua iwe na cheti cha kupimwa PSTVd.

Maua yanadondoka bila tunda.

Viazi vilivyo ardhini vinashindana na tunda, na siku fupi huvipa ushindi. Dawa ya zamani ni tofali: panda kiazi juu ya tofali, kikishatoa mizizi osha udongo uliokizunguka, kisha ondoa kila kiazi kipya kinapojitokeza. Nyingine ni kuunga chipukizi la kiazi juu ya shina la nyanya. Taa ya kuongeza mwanga hadi saa 16 pia husaidia.

Kuvusha: fungua chipukizi la ua siku moja kabla halijachanua, ng'oa chavulio zote tano kwa kibano bila kugusa shina la kike. Tikisa ua la baba juu ya kijiko, gusisha unga ule kwenye ncha ya shina hilo la kike, rudia kesho yake. Nyuki wa kawaida hawapendi ua la kiazi, kwa kuwa halina nekta na chavua yake hutoka kwa kutikiswa tu. Funga lebo yenye mama kwanza, kisha baba, na tarehe.

Natoaje na kuhifadhi mbegu?

Vuna tunda baada ya wiki 6 hadi 8, likiwa laini. Ponda katika maji, acha lichachuke siku mbili, suuza. Mbegu nzima huzama. Anika kivulini juu ya sahani, si karatasi, maana hung'ang'ania. Zikikauka kabisa, ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya friji. Hukaa zaidi ya miaka 10.

Mwaka wa kwanza nitavuna nini?

Viazi vidogo, kuanzia ukubwa wa maharage hadi yai la kuku. Vuna kila mmea kwenye mfuko wake wenye namba. Ukivichanganya, umepoteza msimu. Weka kando vitano au zaidi kwa kupanda, kimoja kwa kuonja. Vya Andigenum hulala muda mrefu kabla ya kuchipua, kwa hiyo visipochipua baada ya miezi mitatu usidhani vimekufa. Vihifadhi gizani, penye ubaridi, hadi macho yaamke.